Kitabu Nilichosema Nimekimaliza

Mtu akifundisha miaka mingi hujifunza namna nyingi za kuficha ujinga wake. Nazijua, kwa kuwa nimezitumia zote. Mwanafunzi akiuliza swali gumu, mwalimu husema, "Swali zuri, nani atamjibu mwenzenu?" Au husema, "Hilo tutalifikia muhula ujao," huku akiomba moyoni kwamba muhula huo usifike. Au hutazama saa yake. Hila hizi hazimo katika vitabu vya mbinu za kufundishia, lakini sijaona chuo cha ualimu ambako hazirithiwi. Katika insha hii nataka kueleza hila moja niliyoitumia mwaka 1993, ambayo mpaka leo inanisumbua. Nataka pia kuuliza, pamoja nawe msomaji, swali lililozaliwa nayo: je, ni haki kumpa kijana kitabu kigumu kinachosema kwamba dunia inakufa? Na je, ni haki kumnyima?

Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika Kanda ya Ziwa. Chuo chetu kilikuwa maskini. Chaki zilitolewa kwa kuhesabiwa, na maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye rafu tano na mchwa wengi. Hata hivyo tulikuwa na chama cha Kiswahili kilichokutana kila Alhamisi jioni bwaloni, kwa mwanga wa karabai. Siku moja mwanachuo wa mwaka wa pili, binti mpole kutoka visiwani, alibisha mlango wa ofisi yangu. Alinipa shikamoo, akabaki amesimama huku ameshika kitabu kwa mikono miwili.

"Mkuu, tunaomba ruhusa chama kijadili kitabu hiki."

Kilikuwa Mzingile cha Euphrase Kezilahabi, kilichotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1991. Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa mia moja. Nilimwambia akiache nikipitie kwanza, kama ilivyokuwa desturi.

Kezilahabi nilimfahamu, yaani niliwafahamu watoto wake, vitabu. Rosa Mistika kilipotoka mwaka 1971 nilikuwa kijana. Kilipopigwa marufuku shuleni kwa muda, sisi tulikisoma kwa zamu, kikiwa kimefunikwa kwa gazeti ili jalada lisionekane. Baadaye marufuku ile ikaondoka na kitabu kikasomwa madarasani mchana kweupe. Nilisoma Kichwamaji cha mwaka 1974, nikasoma Dunia Uwanja wa Fujo cha mwaka 1975, na Gamba la Nyoka cha mwaka 1979 nilikifundisha mwenyewe. Kwa hiyo jioni ile nilikaa na Mzingile kama mtu aendaye kumtembelea rafiki wa zamani. Nikakuta mwenye nyumba amehamisha mlango.

Katika vitabu vya mwanzo unajua uko wapi: hiki ni kisiwa, hii ni barabara ya mjini, huyu ni baba yake fulani. Katika Mzingile msimulizi hana jina. Mahali hapana wilaya wala mkoa, na wakati haupimwi kwa kalenda. Yupo mzee aitwaye Kakulu. Upo ujumbe wa kifo ambao msimulizi anapaswa kumfikishia mzee aishiye peke yake, kwamba mwanawe amekufa. Kisha ipo dunia iliyoteketezwa na silaha za wanadamu wenyewe, na mabaki ya watu wanaotangatanga ndani yake. Hadithi inajizungusha. Ukidhani umetoka, umerudi palepale. Jina lenyewe limekwisha kukuonya, maana mzingile ni njia zenye kupindapinda ambamo mtu hupotea.

Nilisoma kurasa kumi na mbili. Nikarudi nyuma nikazisoma tena. Halafu nikaweka kipande cha karatasi mahali nilipofika, nikafunga kitabu, nikalala.

Kesho yake nilimwita yule binti. Nilimwambia, "Nimekisoma. Kina mambo ya kukatisha tamaa. Ninyi mnakwenda kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu asiye na matumaini atampa mtoto nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mkuu, umekimaliza?"

Nikasema, "Nimekimaliza."

"Ahsante, Mkuu," akajibu, akatoka. Kitabu kilibaki katika kabati langu. Hakurudi kukiomba, nami sikumrudishia. Alhamisi ile chama kilijadili methali.

Sitaki kujihukumu bila kujisikiliza, kwa kuwa hata mshtakiwa ana haki ya kusema. Hofu niliyoitaja mbele ya binti yule haikuwa ya uongo yote. Kizazi changu kililelewa katika imani kwamba kazi ya kitabu ni kujenga. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 nilikuwa mtoto, na kila kitu nilichosomeshwa tangu hapo kilitazama mbele: kisima kitachimbwa, ujinga utafutwa, kijiji kitapata zahanati. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulihimizwa kuandaa walimu kwa maelfu ili kila mtoto apate darasa, na waliojitolea walifundisha chini ya miembe. Ilipofika miaka ya 1990, mambo mengi tuliyokuwa tumeyaimba yalikuwa yamenyamaza. Azimio la Arusha lilikuwa limelegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Mshahara wa mwalimu haukufika tarehe kumi, na wakufunzi wangu waliuza maandazi ya wake zao wakati wa mapumziko. Mkuu wa chuo katika hali kama hiyo hulinda matumaini kama alindavyo mafuta ya taa. Huogopa upepo wowote.

Hayo yote ni kweli. Lakini msomaji, hayo sicho kilichokifunga kitabu kile. Kilichokifunga ni aibu. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na zaidi, mwenye ofisi na mhuri, na nilikuwa nimesoma kurasa kumi na mbili za Kiswahili, lugha ninayoifundisha, bila kuelewa. Kama ningekuwa nimeelewa kwamba kitabu kinakatisha tamaa, ningestahili walau heshima ya mtu aliyekosea. Mimi niliita giza la kitabu lile ambalo lilikuwa giza langu.

Miaka ikapita. Nilistaafu nikarudi kwetu kando ya ziwa, na masanduku ya vitabu yakarudi nami. Januari mwaka 2020 redio ilitangaza kwamba Kezilahabi amefariki Dar es Salaam, tarehe 9 ya mwezi ule. Alikuwa mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, wa mwaka 1944. Usiku ule nilifungua sanduku moja baada ya jingine hadi nikakipata Mzingile. Kipande changu cha karatasi kilikuwa bado kimekaa mahali pake, kimegeuka rangi ya chai.

Sikukisoma siku ile. Nilikisoma Machi, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya korona, mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu alipoletwa kukaa nami. Mnadani hapakuwa na watu, na uwanja wa shule ulikuwa kimya mchana kutwa. Katika ukimya ule kitabu kilianza kusema kwa sauti nyingine. Nilikimaliza, nikaanza upya. Baadaye niliazima pia Nagona, ndugu yake aliyetangulia mwaka 1990, ambamo msafiri asiye na jina anakutana na fikra za wenye hekima wa Ulaya, akina Socrates, Plato na Nietzsche, wala hapati kwao jibu la kumtuliza.

Mchana mmoja mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, hicho kitabu kinahusu nini?"

Hila zote zilinijia mdomoni. Mikono yangu ilitafuta saa. Kisha nikasema, "Sijui bado."

"Babu, na wewe hujui?" Alifurahi kama aliyeokota fedha njiani. Alivuta kigoda akakaa karibu, akasema tusome wote. Tulisoma ukurasa mmoja, yeye kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole. Mwishoni alifikiri, akasema, "Huyu mtu anatembea tu, anatafuta watu." Akaenda zake kuchota maji.

Sidai kwamba maneno yale yamemaliza maana ya Mzingile. Nasema tu kwamba yalikuwa ya kweli, nami kwa miaka ishirini na saba sikuwa nimesema neno moja la kweli kuhusu kitabu kile. Mtoto aliyezoea hadithi za bibi haogopi jambo lisiloelezwa. Sungura husema na fisi, na hakuna mtoto anayeuliza vipi. Ni sisi tuliokwenda shule tunaodhani kila maandishi yana majibu nyuma ya kitabu, kama hesabu.

Hapa ndipo lilipo fumbo la kwanza la maadili ninalotaka tulitazame. Je, mwandishi ana haki kuwa mgumu? Kiswahili ni mali ya umma. Mtu akiandika kwa lugha inayofahamika na mamilioni, halafu akaandika wasichoelewa, si sawa na kuweka chungu katikati ya kijiji na kukifunga mfuniko kwa kufuli? Tena Kezilahabi huyuhuyu, katika Kichomi cha mwaka 1974, aliacha vina na mizani na kutetea ushairi wa lugha ya kawaida ya watu, akashutumiwa sana na wale walioshika kanuni za zamani. Mtu aliyefungua mlango wa ushairi, kwa nini aliweka mzingile katika riwaya?

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani upo ugumu wa aina mbili. Upo ugumu wa majivuno, ambao mwandishi huuweka ili aonekane. Huu haustahili subira ya mtu yeyote. Upo pia ugumu wa jambo lenyewe. Baba yangu alipofariki, wazee walinieleza kwa maneno mepesi: amepumzika, amekwenda mbele, tutamfuata. Nilielewa kila neno. Kifo chenyewe sikukielewa, na ingekuwa mzee mmoja ameniambia, "Mwanangu, hata mimi hili linanishinda," nadhani ningefarijika zaidi. Mwandishi anayetaka kueleza mwisho wa dunia nzima akitumia maneno yasiyotikisika, pengine anatudanganya. Lugha ya Mzingile si ngumu, mtoto wangu wa darasa la saba aliisoma bila kukwama. Kilicho kigumu ni kile inachokitazama.

Fumbo la pili ni zito zaidi: je, kusoma juu ya dunia inayokufa hakuui matumaini? Hapa sina budi kukusogeza hadi ziwani, maana jibu langu sikulipata kitabuni peke yake.

Nilipokuwa mtoto mama yangu alianika furu juu ya mawe. Furu ni samaki wadogo, na sisi wavulana tuliwatambua kwa rangi zao: mwenye ubavu mwekundu, mweusi wa kwenye miamba, mwenye madoa ya njano mkiani. Kila aina ilikuwa na mahali pake, na tulijua ipi hushikwa asubuhi na ipi jioni. Wataalamu baadaye walikuja kusema kwamba katika Ziwa Victoria mlikuwa na aina zao mamia, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alipandikizwa ziwani. Kwa muda mrefu hapakutokea jambo kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara akaenea kila mahali, na furu wakatoweka mbele ya macho yetu, aina baada ya aina.

Niwe mwadilifu. Sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, samaki wakasafirishwa hadi Ulaya, na wapo jirani zangu walioezeka bati na kusomesha watoto kwa jasho la sangara. Siwezi kuwaambia kwamba walikosea. Lakini dunia moja ilikufa pale. Hapakuwa na mlipuko wala majivu. Palikuwa na mama aliyeshika ungo akisema, "Siku hizi siwaoni wale wekundu," na watoto waliomjibu, "Watakuja."

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaja magugumaji. Yaliziba ghuba na myalo, mitumbwi ikakwama ndani ya majani. Sasa tazama, msomaji: mwaka 1993, mwaka uleule nilioufunga Mzingile kabatini kwa kisingizio cha kulinda matumaini, wanachuo wangu walikwenda kuchota maji katika mwalo uliokuwa umegeuka shamba la kijani. Walirudi darasani wakaandaa somo la samaki wa ziwa letu, wakachora ubaoni furu ambao mtoto wa darasa la kwanza hangewaona tena katika chungu cha mama yake. Nilikagua maandalio yale nikatia saini. Dunia ilikuwa inakufa mita mia tatu kutoka ofisini kwangu, na hatukuwa na maneno ya kuisemea. Yule binti kutoka visiwani ndiye aliyekuwa ameleta kitabu chenye maneno. Pengine alikuwa amekwisha kuona kule kwao nisilotaka kuliona mimi.

Ndiyo maana leo sisadiki tena kwamba kitabu cha namna hii huua matumaini. Kinachoweza kuua matumaini ni kijana kuona jambo kwa macho yake, kisha kumsikia mkubwa wake akisema kwamba halipo. Hapo hufunzwa kutoyaamini macho yake au kutomwamini mkubwa wake, na yote mawili ni hasara. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilipokuwa nikitunga mafunzo ya maadili kwa walimu nilipenda kuitumia methali hii kwa wengine.

Wala Mzingile hakiishii katika majivu. Wachache waliosalia wanahangaikia namna ya kuanza tena, na mwanzo huo hauahidiwi kuwa mwema. Katika ziwa letu pia, baada ya sangara kupungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wameonekana tena. Si wote. Wengi hawatarudi, na wala sisemi habari hii ili nimalize hadithi kwa raha. Naisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mtu ambaye hakukubali kwamba walikufa hawezi hata kuwafurahia waliorudi.

Je, basi kila mtu apewe kitabu cha namna hii? La hasha. Mtoto wa miaka minane nisingempa. Mtu aliye katika msiba mbichi nisingemsukumia. Kitabu kigumu hakitolewi kama dawa ya minyoo, meza uende zako. Anayekitoa akae karibu. Awe amekisoma hadi mwisho, au aseme wazi kwamba hajakisoma. Aoneshe kwa kidole mahali anaposhindwa yeye mwenyewe, ili kijana asidhani kwamba kushindwa ni kwake peke yake. Na akubali kijana akifunge kitabu akitaka, bila kumwita mjinga. Wanachuo wangu walikuwa na umri wa miaka ishirini na zaidi, na serikali ilikuwa inakaribia kuwakabidhi watoto wa watu. Aliyetosha kukabidhiwa watoto arobaini na watano alitosha kukabidhiwa kurasa zisizofika mia moja.

Nimejaribu kumtafuta mwenye kitabu. Jina lake limeandikwa kwa wino wa buluu katika ukurasa wa mbele, kwa mwandiko wa duara tuliowafundisha walimu wa madarasa ya chini. Katika shule ya kwanza aliyopangiwa niliambiwa amehamishwa siku nyingi. Katika ya pili hakuna aliyemkumbuka. Sasa naye atakuwa anakaribia kustaafu, kama bado yuko kazini.

Insha hizi zinachapwa kwa nakala chache, na nyingi zitakwenda kwa walimu waliopita mikononi mwangu. Kwa hiyo si ajabu moja ikamfikia. Mwanangu, ukiisoma hii, jibu la swali lako ni hili: sikuwa nimekimaliza. Nilifika ukurasa wa kumi na mbili. Sasa nimekimaliza, na bado zipo sehemu zinazonishinda, nimeziwekea alama ya penseli pembeni ili tuzitazame wote. Kitabu chako kipo mezani kwangu. Njoo siku yoyote, isiwe Alhamisi tu.